Kompyuta inayowaka ikijisikia: Siku mbili kwenye steshenari ya Ushetu

Kila asubuhi kabla ya kufagia baraza, mama mwenye steshenari hii hubonyeza kitufe cha kompyuta, kisha husubiri. Siku nyingine kitaa kidogo cha kijani huwaka na feni huanza kuvuma. Siku nyingine kimya. Hubonyeza tena, huchomoa waya, huchomeka, huligonga kasha kwa kiganja. Mara ya tano au ya sita, kompyuta huamka kama vile haikuwa na tatizo lolote.

Wakati wote huo, nje kwenye benchi, wazazi wamekaa na bahasha za kaki mapajani.

Huku ni Ushetu, moja ya halmashauri tatu za Wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga, pamoja na Msalala na Manispaa ya Kahama. Upande wa magharibi ni Mkoa wa Geita, kusini ni Tabora. Anayetoka Kahama mjini huacha nyuma maghala ya mpunga na pilikapilika za mji ulionenepa kwa biashara na dhahabu, akaingia kwenye barabara ambayo pikipiki hubeba kila kitu: magunia, mbuzi, godoro, na mara nyingine familia nzima. Kadiri anavyosogea ndivyo mabani ya kukaushia tumbaku yanavyoongezeka kando ya nyumba, marefu na yenye moshi wa zamani kwenye kuta. Sokoni akina mama wameanika michembe. Salamu ya asubuhi ni "mwangaluka", na mtoto akipita bila kuitoa huulizwa ni wa nani.

Mwezi wa Julai asubuhi za huku zina ubaridi. Mpunga umeshavunwa, mashine za kukoboa zinafanya kazi mchana kutwa, na wakulima wa tumbaku wanasubiri malipo kupitia vyama vyao vya msingi, AMCOS. Ni mwezi ambao kijana aliyemaliza kidato cha sita anatafuta mkopo wa elimu ya juu.

Hapo ndipo kompyuta moja ya mezani inapogeuka kuwa suala la familia nyingi.

Bahasha za kaki

Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hufanyika kwenye mtandao. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Fomu huchapwa, hupelekwa kusainiwa na kugongwa mihuri, halafu hurudishwa kwenye skana na kupakiwa upya. Dirisha la maombi likifungwa, kijana hubaki na ufaulu wake mkononi.

Simu inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Kuchapa na kuskani kurasa ndiko kunakowaleta watu kwenye steshenari. Mzazi aliyetoka kijiji cha ndani kwa pikipiki ameshalipa nauli. Akikuta kompyuta imegoma, atalipa tena kesho, au ataendelea hadi Kahama mjini na kulala huko.

Mama mwenye duka aliinunua kompyuta hiyo ikiwa imetumika, kasha jeusi lenye alama ya kampuni iliyofutika nusu. Watu wengi huliita kasha hilo "CPU", ingawa CPU ni kipande kidogo tu ndani yake. Alipewa na monita, kibodi na maneno ya muuzaji kwamba "hii haisumbui". Haikusumbua kwa karibu mwaka mzima.

Ilipoanza kugoma, kila mpita njia alikuwa na dawa. Mmoja alisema ni virusi. Mwingine alishauri isizimwe kamwe, iachwe ikiwaka usiku na mchana. Wa tatu alimjua mtu anayeuza nyingine. Mumewe, mkulima wa tumbaku, alianza kuhesabu: fedha ya AMCOS ikitoka, wanunue kompyuta mpya, na sare za shule za Januari zitafutiwe njia nyingine.

La virusi si kweli kwa ugonjwa wa aina hii. Virusi vya kompyuta ni programu, na programu haiwezi kufanya lolote kabla umeme haujaingia. Kompyuta inayobonyezwa bila taa kuwaka wala feni kuzunguka ina tatizo la umeme au la kifaa. La kuiacha ikiwaka siku zote nalo lina gharama: huongeza joto na vumbi ndani ya kasha, hula uniti za Luku, na huacha kifaa kibovu kikifanya kazi usiku wakati watu wamelala.

Daftari la binti

Aliyeleta mwanga ni binti wa nyumba hiyo, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa likizo. Alichukua daftari la hesabu lililobaki kurasa, akachora mistari minne: saa, imewaka au imegoma, mara ngapi imebonyezwa, na nini kilikuwa kinaendelea.

Kwa siku tisa aliandika bila kuruka. Fundi alipofika kutoka Kahama mjini na begi lake la mgongoni, binti alimwamkia, akamkabidhi daftari. Fundi alivuta kigoda akalisoma lote kabla ya kugusa bisibisi.

Yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto mwenye homa zahanati anaujua mwendo huo. Mhudumu mzuri haanzi na sindano, anaanza na maswali. Homa ilianza lini? Inapanda usiku au mchana? Amekula nini? Maradhi ya kuja na kuondoka ndiyo magumu kuyakamata, kwa sababu mtoto akifikishwa kwa daktari anakuwa anacheza. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo: mbele ya fundi huwaka mara moja, na mwenye nayo huonekana mwongo.

Daftari lilionyesha mambo matatu ambayo watu wazima walikuwa wameyachanganya kuwa moja.

La kwanza, kugoma kulikuwa kwa asubuhi, kabla ya saa 3:00. Kompyuta ikishawaka mara moja na kupata joto, ilikubali kuzimwa na kuwashwa mchana bila shida.

La pili, kulikuwa na siku ilizima yenyewe ikiwa kazini. Saa zilitofautiana, lakini mstari wa nne ulikuwa na neno lile lile kila mara: "mashine". Hatua chache kutoka dukani kuna mashine ya kukoboa mpunga.

La tatu lilikuwa dogo. Asubuhi kadhaa saa ya kompyuta ilirudi nyuma miaka mingi, na siku hizo tovuti zilikataa kufunguka hata kama kifurushi cha intaneti kilikuwepo.

"Mama, hapa una wagonjwa watatu kwenye kitanda kimoja," fundi alimwambia mwenye duka.

Kutoka ukutani kuelekea ndani

Hakufungua kasha. Alianza ukutani. Alichomeka chaja ya simu yake kwenye soketi, ikachaji. Alichukua waya wa kompyuta, ule mnene unaoingia nyuma ya kasha, akaujaribu kwa kuubadilisha na wa monita, kwa kuwa hufanana. Hakuna tofauti. Aliangalia swichi ndogo ya nyuma ya kasha, ambayo mtoto au ufagio unaweza kuizima bila mtu kujua. Ilikuwa imewashwa.

Kisha akainua ekstensheni, ile ndefu nyeupe yenye matundu ya kila aina ya plagi. Aliichomoa, akafungua skrubu za chini, akamwonyesha mama. Juu kulikuwa na matundu matatu. Ndani kulikuwa na nyaya mbili tu. Tundu la tatu, la waya wa ardhini ambao mafundi huuita athi, halikuunganishwa na kitu chochote, na vibati vyake vilikuwa vimelegea na kuungua rangi ya kahawia.

Fundi alipachika mita kwenye soketi ya ukutani. Umeme wa Tanzania hukusudiwa kuwa volti 230. Mita ilisoma 221. Akaomba kijana wa jirani awashe mashine ya kukoboa. Ilipounguruma, balbu ya dukani ilififia na namba ikashuka hadi 168, halafu ikapanda taratibu na kutulia kwenye 205.

Sababu yake inaeleweka. Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inaovuta ikishashika kasi. Nyumba zilizo mwisho wa laini, mbali na transfoma, huhisi mvuto huo zaidi. Balbu hufifia kisha ikarudi, na hakuna anayejali. Kompyuta haina uvumilivu huo: kushuka kwa nusu sekunde kunatosha kuizima na kazi yote ambayo haijahifadhiwa.

Mgonjwa wa pili alikuwa amejulikana, na hakuwa ndani ya kompyuta kabisa.

Ndoo ndogo zilizokauka

Kasha lilifunguliwa nje, chini ya mwembe, baada ya waya kuchomolewa na kitufe kubonyezwa kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe. Binti alivaa barakoa. Vumbi lilitoka kama unga, na ndani yake mlikuwa na mabawa ya mende na yai la mjusi. Fundi alizuia feni kwa kijiti isizunguke, akapiga brashi.

Alitoa RAM, ile kadi ya kumbukumbu, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli na kuirudisha mpaka ilipolia "ta". Alijaribu kitufe cha mbele, maana vitufe vya zamani hunasa. Kilikuwa kizima. Alitoa betri ya mviringo inayofanana na sarafu, ya volti 3, ambayo hutunza saa ya kompyuta ikiwa imezimwa. Mita ilionyesha imekufa. Huyo alikuwa mgonjwa wa tatu: kompyuta ikiamini kwamba leo ni miaka kumi iliyopita, huona vyeti vya usalama vya tovuti si halali na kukataa kuzifungua. Dawa yake ni betri inayouzwa kwenye maduka ya saa.

Mgonjwa wa kwanza, yule wa asubuhi, alikuwa kwenye kisanduku cha bati kinachopokea umeme wa ukutani, pawa saplai. Fundi alichungulia kwa tochi kupitia matundu. Vipande viwili vya mviringo kama vikopo vidogo vilikuwa vimevimba juu, na kimoja kilikuwa kimevuja utomvu wa kahawia.

Vikopo hivyo ni kapasita. Kila kimoja ni kama ndoo ndogo: hujaa umeme na kuumwaga kwa utulivu ili kompyuta isipate mikupuo. Ndani kuna majimaji ya kemikali, na miaka ya joto huyakausha. Kapasita iliyochoka hudhoofika zaidi ikiwa ya baridi. Ndiyo maana kompyuta iligoma asubuhi za Julai. Kila kubonyeza kuliipasha moto kidogo, hadi mara ya tano au ya sita ikapata nguvu ya kuamka. Kile kiganja cha mama hakikuwa kimesaidia chochote.

Mume aliuliza kama vikopo hivyo haviwezi kubadilishwa pale pale. Fundi alikataa kulifungua bati. Ndani yake mna kapasita kubwa zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na watu wameumia kwa kudhani kuwa kifaa kilichochomolewa ni salama. Alisema angeleta pawa saplai nzima kesho yake kutoka mjini. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya kompyuta mpya aliyokuwa akiihesabia baba.

Mtekenyo ambao hakuna aliyeuandika

Wakati wanafungasha, mtoto wa mwisho, wa miaka minne, alikuja pekupeku na kusema jambo ambalo halikuwa kwenye daftari: "Hiyo inatekenya."

Mama alicheka, akasema ni kweli, ukiligusa kasha bila viatu hukutekenya vidole. Wote walikuwa wamezoea. Fundi hakucheka.

Pawa saplai za kompyuta zimetengenezwa zikitegemea waya wa athi. Zina vichujio ambavyo huelekeza kiasi kidogo sana cha umeme kwenye kasha ili kiishie ardhini. Athi isipokuwepo, kiasi hicho hubaki kwenye bati na kumsubiri mtu. Mtekenyo wenyewe kwa kawaida hauui, lakini unatoa taarifa kwamba njia ya usalama haipo. Siku waya wa moto utakapokatika na kugusa bati, umeme wote utapita kwa atakayeligusa, na sakafu yenye unyevu na miguu mitupu itamalizia.

Kwa hiyo hatari kubwa katika chumba hicho haikuwa kompyuta kugoma. Ilikuwa ekstensheni yenye nyaya mbili, iliyonunuliwa kwa kuwa ilikuwa na matundu mengi, na mtoto mmoja asiyependa kuvaa ndala.

Ekstensheni ilikatwa waya palepale ili isiokotwe na mtu mwingine. Kuhusu mfumo wa nyumba, fundi wa kompyuta alisema si kazi yake. Athi ya nyumba, ile nondo inayozikwa ardhini na waya unaotoka kwake hadi kwenye soketi, hukaguliwa na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Familia nyingi za vijijini zimeunganishwa kupitia miradi ya REA kwa ada ya shilingi 27,000, na nyaya za ndani ni jukumu la mwenye nyumba. Hapo ndipo wengi hubana matumizi.

Kabla hujamwita fundi

Mzazi mwenye kompyuta ya mezani nyumbani au dukani anaweza kufanya mengi bila kufungua kitu. Jaribu soketi kwa kifaa kingine. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni. Badilisha waya wa umeme. Angalia swichi ya nyuma, na kama pembeni yake pana kibadilisho cha volti kilichoandikwa 115 na 230, hakikisha kipo 230, wala usikiguse kompyuta ikiwa kwenye umeme. Chomoa kila kitu, bonyeza kitufe kwa nusu dakika, kisha ujaribu tena.

Sikiliza na utazame. Taa ikiwaka na feni ikazunguka lakini monita ni nyeusi, hilo ni tatizo jingine, mara nyingi RAM au waya wa monita. Kukiwa kimya kabisa, shaka iende kwenye umeme, pawa saplai au kitufe. Ukisikia harufu ya kuungua au mlio wa cheche, zima ukutani na usijaribu tena.

Na uandike. Saa, hali ya hewa, nani amewasha nini. Siku tano za kuandika humwokolea fundi nusu siku ya kubahatisha, nawe hukuokoa na kununua usichohitaji.

Kama mtoto amenaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kubwa kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu na umsukume mbali kwa mti mkavu. Asipopumua, ita msaada, kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku usafiri ukitafutwa. Hata akiinuka na kusema hajambo, mpeleke kituo cha afya, kwa sababu umeme huweza kuunguza ndani na kuvuruga mapigo ya moyo bila alama kubwa kwenye ngozi.

Asubuhi ya pili

Kesho yake fundi alirudi na pawa saplai, betri ya saa na ekstensheni fupi yenye nyaya tatu, ambayo alimfungulia mama aone mwenyewe. Kazi ilichukua chini ya saa moja. Mama alibonyeza kitufe mara moja. Kitaa cha kijani, feni, mlio mmoja mfupi.

Mzee mmoja kwenye benchi aliinuka na bahasha yake. Alikuwa wa kwanza tangu jana asubuhi, fomu ya binti yake ikiwa na saini zote isipokuwa moja.

Ilibaki mashine ya kukoboa. Kifaa cha UPS, chenye betri ya kuvusha dakika chache, kingemaliza tatizo, na mama amekiweka kwenye hesabu za baada ya tumbaku. Kwa sasa alifanya kilicho ndani ya uwezo wake. Alikwenda kwa mwenye mashine na kumweleza, huku binti akiwa na daftari endapo lingehitajika. Halikuhitajika. Mwenye mashine ana kijana anayeomba mkopo mwaka huu.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuvuta swichi, kijana wa mashine husimama mlangoni na kuita, "Mayu, tunawasha!" Dukani mama hujibu, "Subiri!" Huhifadhi kazi, huangalia kama karatasi imeshatoka kwenye printa, kisha huita, "Haya!"

Balbu hufifia, halafu hurudi. Mtoto wa miaka minne amevaa ndala, moja ya kwake na moja ya dada yake.